Mjukuu wa Ivaline Pinnock

Judica Elisante alikuwa mwoga tangu utotoni, na kwao Usangi, juu milimani Upare, hilo halikuwa siri. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa mwalimu wa hesabu hata wakati wa likizo. Lakini mwoga huyo huyo ukimsimamisha mbele ya usharika mzima na kumwambia aimbe, aliimba. Magoti yanagongana, na sauti inatoka imenyooka mpaka kina mama wanatafuta leso. Baba yake, Mwinjilisti Elisante, alishindwa kumwelewa mtoto wa namna hiyo, akaamua kumshukuru Mungu tu na kunyamaza.

Sasa mtu kama huyo, niambie mwenyewe, alikwenda kutafuta nini Guangzhou? Alikwenda kusoma. Alipata ufadhili wa kusomea uhandisi wa nguo, akafika mwaka 2005, wakati jiji lile linajengwa bila kupumua na wafanyabiashara wetu wanamiminika humo na mabegi matupu. Siku za mwanzo wanafunzi wa kigeni walikalishwa ukumbini, wakasomewa sheria. Mwanafunzi hafanyi kazi, wakaambiwa. Akikamatwa anafanya kazi, ufadhili umekwisha, viza imekwisha, na yeye anapandishwa ndege arudi kwao. Wenzake walikuwa wakisinzia kwa uchovu wa safari. Judica alisikiliza kila neno.

Na haikuwa mikwara. Mwaka uliofuata alimwona kwa macho yake Lucas, kijana wa Mbeya aliyekuwa akipakia viatu kwenye masoko ya jumla ya Liuhua siku za mapumziko. Aliteremshwa ngazi za hosteli asubuhi kweupe na maofisa wawili, begi moja mkononi, amebakiza muhula mmoja tu amalize. Hakuaga mtu. Walioshuhudia walirudi vyumbani mwao wakafunga milango, na siku nyingi zikapita kabla mtu hajathubutu kulitaja jina lake.

Ungedhani hapo Judica amejifunza. Wapi.

Kule Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kuna jengo la Tianxiu, na ndani ya jengo hilo Njuguna, Mkenya wa Kiambu, alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo, ndogo mpaka mteja akiingia yeye mwenyewe inabidi asimame. Judica alikwenda kutuma vitambaa nyumbani, na akiwa kwenye foleni akawa anaimba chinichini bila kujijua. Njuguna akainua kichwa. Bwana huyo hakuwa na habari na muziki, ila harufu ya biashara ilikuwa haimpiti. Kuna mama mmoja, akasema, ana mgahawa mkubwa barabara ya nyuma, anatafuta mwimbaji wa Jumamosi jioni. Judica akakataa. Njuguna akasema twende uone tu, kuona ni bure. Posho ya ufadhili ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, ni kweli, lakini tusimsingizie posho. Tangu aondoke Usangi alikuwa hajaimba mbele ya watu, na hamu ilikuwa imemzidi. Akaenda.

"Na usiseme Tanzania," Njuguna alimwonya njiani. "Hawa watu ukiwaambia Tanzania watakuuliza habari za simba. Sema Jamaika. Jamaika kila mtu anajua ni muziki, siz."

Mwenye mgahawa aliitwa Bi Liang, ingawa wote pale walimwita laoban, yaani bosi. Alikuwa mama wa makamo, mwema kupita kiasi, na wema wake ndio utakaotusumbua mpaka mwisho wa habari hii. Alimsikiliza Judica nyimbo mbili, akamletea bakuli la supu, akamngoja amalize, ndipo akaanza kuuliza. Wewe ni wa nani? Mama yako nani, bibi yako nani, kuimba umerithi wapi? Kwa Bi Liang mwimbaji asiye na ukoo ni mtu wa kutiliwa shaka. Judica alikuwa ameanza kukijua Kichina vizuri, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hakuwa nacho. Kisha kitu pekee cha Jamaika alichokuwa nacho kichwani kikamtoka chote kwa mkupuo.

Kitu chenyewe kilikuwa maisha ya Ivaline Pinnock. Mjomba wake Judica, Aloyce, fundi redio wa Mwanga, alikuwa na gramafoni, na katika santuri zake zote aliipenda moja, ya mwanamke huyo wa Jamaika. Nyuma ya jalada kulikuwa na maelezo ya Kiingereza, na mjomba alimsomea mpwa wake kwa Kiswahili tangu akiwa na mapengo, mpaka mtoto akayajua kama anavyojua sala ya chakula. Kwamba Ivaline alizaliwa Kingston kwenye nyumba za kupanga, choo kimoja familia kumi, mama yake akifulia watu nguo. Kwamba alipanda jukwaani mara ya kwanza kwenye shindano la waimbaji, kwa viatu vya kuazima, mbele ya watu waliozoea kumzomea mtu mpaka ashuke, na siku hiyo wakanyamaza. Kwamba enzi hizo kazi ya mwanamke studioni ilikuwa kuitikia nyuma ya wanaume, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kusimama mbele ya kipaza sauti peke yake. Kwamba santuri yake ya kwanza ilitoka imeandikwa jina la mwanamume, na aliimba miaka mingi kabla hajaliona jina lake mwenyewe. Lilipoandikwa hatimaye, akapelekwa Uingereza, akaimba kwenye kumbi za baridi na sweta chini ya gauni. Na kwamba maisha yake yote aliogopa jukwaa, ndiyo maana hakuna siku aliyoimba bila kitambaa cheupe mkononi. Maelezo yaliishia hapo. Alifia wapi, au kama alikufa, jalada halikusema.

Hiyo ya kitambaa ndiyo iliyomfanya Judica ampende. Kumbe ng'ambo huko kulikuwa na mwoga mwenzake, na bado aliimba.

"Ni bibi yangu, mama mzaa mama," alimwambia Bi Liang, na papo hapo akatamani ayarudishe maneno yale mdomoni.

Jumamosi iliyofuata bango lilikuwa mlangoni, lenye maandishi mekundu: mjukuu wa Ivaline Pinnock, malkia wa muziki wa Jamaika. Judica alinunuliwa wigi, gauni na miwani mikubwa. Alikuwa akibadilisha nguo ofisini kwa Njuguna, nyuma ya mabunda ya mizigo, kisha anazunguka njia ya mbali asikutane na mwanafunzi yeyote. Alimwambia Bi Liang kwamba yeye ni mfanyabiashara, anakaa na Wakenya. Kila mteja Mwafrika aliyeingia alimfanya ageuze uso kwenye tangi la samaki. Halafu taa inawaka, anakibana kitambaa cheupe kiganjani, na anaimba.

Alimalizia kila onyesho na wimbo wa santuri ile ya mjomba. Ni wimbo wa msichana aliyesimama mlangoni na kijisanduku chake, anataka kuondoka, na mama yake yuko dirishani ameshika taa. Kwenye ubeti wa pili mama anafungua mdomo kumwambia neno la mwisho, na hapo ndipo santuri inaruka. Krr, na tayari uko katikati ya kiitikio. Haikuwa imekwaruzwa na mjomba. Santuri zote za toleo lile, zilizochapwa kwenye kiwanda kimoja Nairobi, ziliruka hapo hapo. Muuzaji wa Moshi alimwambia Mjomba Aloyce waziwazi, zote ziko hivyo, chukua au acha. Matokeo yake Afrika Mashariki nzima hakuna aliyejua mama alisema nini. Judica alijifunza wimbo pamoja na mruko wake, akauimba pamoja na mruko wake, na Wachina wakapiga makofi bila kujua kuna kilichopungua.

Ikaenda hivyo karibu mwaka. Mwoga naye huzoea, lakini hofu ilikuwa imekaa tu, inasubiri. Kisha majira ya kuchipua mwaka 2007, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, Bi Liang alimpokea mlangoni akiwa amefungua mikono yote miwili, macho mekundu kwa kulia.

Alikuwa na rafiki yake, akaeleza, mwenye hoteli upande wa Liuhua. Kwenye ukumbi wa hoteli hiyo alikuwa ameajiriwa mwimbaji, mama mzee wa Jamaika. Jana huyo rafiki alikuja kula, akaona bango, akashangaa, akauliza. Mama mzee wa kule Liuhua anaitwa Ivaline Pinnock.

"Bibi yako yuko mji huu huu," Bi Liang alisema, akimshika mashavu. "Wewe hujui yuko hapa, na yeye hajui uko hapa. Jumamosi nawakutanisha."

Yeye na mwenye hoteli walikuwa wameshapanga kila kitu: mgahawa ufungwe, waalikwe jamaa wa pande zote mbili, wachinjwe bata wa kutosha. Bi Liang mwenyewe alitenganishwa na bibi yake utotoni na hakumwona tena mpaka akafa. Alikuwa akisimulia hayo na kulia, na Judica alikuwa akilia naye, ila kila mtu na lake.

Alikwenda kwa Njuguna mbio. Njuguna alikuna kichwa, akasema yeye alimwambia aseme Jamaika tu, habari za bibi hakumtuma mtu. Kisha akamwonea huruma, akamshauri augue. Judica akapiga simu kwa sauti ya kukwaruza, akasema ana homa, koo limefunga, Jumamosi hawezi. Bi Liang akasema pole sana, usiinuke hapo ulipo, niambie unakaa wapi nikuletee supu na daktari. Hebu fikiria mama yule na bakuli lake la supu kwenye lango la hosteli ya chuo, akimwuliza mlinzi habari za mwimbaji wa mgahawani kwake. Judica akapona pale pale, simu ikiwa bado sikioni.

Siku zilizobaki hakula. Alijua jinsi itakavyokuwa. Mama mzee atamtazama mbele ya wageni wote, atatikisa kichwa, na atasema neno moja: simjui. Bi Liang ataaibika mbele ya jamaa zake na rafiki zake, na mtu mwema akiaibishwa hivyo hana msamaha. Atapiga simu. Polisi watataka pasipoti. Kwenye pasipoti kuna viza ya mwanafunzi. Baada ya hapo ni ngazi zile za Lucas na begi moja, na Mwinjilisti Elisante kule Usangi anawaeleza watu kwa nini binti aliyeombewa na kanisa zima amerudi bila cheti. Darasani mashine za kufuma zilinguruma, na yeye alisikia neno lile tu likijirudia, simjui, simjui.

Jumamosi ikafika, kama zinavyofika siku usizozitaka. Mgahawa ulijaa. Judica alisimama kando ya jukwaa amevaa gauni lake, mgongo ukutani. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye hoteli, na nyuma yake mama mmoja mfupi, mnene kiasi, kofia ya manyoya kichwani, gauni la dhahabu, na mkononi kitambaa cheupe. Judica alipokiona kitambaa, akajua. Ni yeye. Ivaline Pinnock wa jalada la mjomba, mzima, mwenye miguu, anakuja.

Wenyeji waliwasukuma mmoja kuelekea kwa mwenzake. Mama mzee alisimama hatua chache mbele yake, akamtazama. Judica alingoja neno lake. Badala yake mama mzee aliinua mkono polepole, akamgusa shavu kwa ncha za vidole, akarudisha mkono. Ukumbi mzima ukaangua kilio cha furaha, na Bi Liang akapiga kelele kwamba waimbe, waimbe pamoja ule wimbo wa familia.

Kwa hiyo adhabu ilikuwa imeahirishwa tu, na Judica alijua itakuja kwenye ubeti wa pili. Mwenye wimbo anauimba wimbo wake wote. Akifika pale ambapo mama anafungua mdomo, ataimba maneno ambayo mjukuu wa damu angeyajua tangu tumboni, na mjukuu huyu atabaki ametumbua macho. Muziki ukaanza. Judica akaimba ubeti wa kwanza, na kwa hofu ile aliimba vizuri kuliko siku zote. Kiitikio wakaimba wote. Kisha akashusha kipaza sauti, akamwachia mwenyewe.

Mama mzee akafumba macho, akakibana kitambaa. Akaimba dirisha. Akaimba taa. Mama akafungua mdomo wake.

Akaruka. Pale pale, bila kukosea hata pumzi moja, akawa katikati ya kiitikio.

Judica alibaki ameshika kipaza sauti hewani. Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo wimbo ule ulirukia pale, na mahali hapo si Jamaika. Alimtazama vizuri yule mama, zile nyusi, yale mashavu, ule mwanya wa meno ya mbele. Akasogea karibu kabisa, akajifanya anamkumbatia, akamnong'oneza sikioni.

"Shikamoo, bibi."

Mwili wa yule mama ulishtuka wote. Kisha mikono yake ikamzunguka Judica mgongoni, ikamkaza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Cheka. Wanatuangalia."

Wakacheka. Wageni wakapiga makofi mpaka mabakuli yakalia mezani.

Walipata nafasi ya kuongea kwenye korido ya jikoni, kati ya magunia ya mchele, wapishi wakipita na sufuria. Jina lake lilikuwa Albina Mueni, wa Machakos. Ujanani aliimba na bendi za Nairobi, zamani hizo za mwanzo wa uhuru. Kiongozi wa bendi alikuwa akimpa santuri mpya ya nyimbo za ng'ambo, anamwambia mwisho wa wiki nataka uwe umeijua, na yeye anaijua. Wenzake wanaume walirekodi. Yeye hakuandikwa jina popote, hata kwenye nyimbo alizoimba mwenyewe. Alikuja kuolewa, akafiwa, akauza vitambaa sokoni, na mtoto wake Kioko, mnunuzi wa viatu, akamleta Guangzhou amsaidie kukagua mali. Mwenye hoteli akamsikia anaimba huku anafunga mabunda. Kioko alikuwa ameshapewa somo na wakala mmoja wa mizigo pale Tianxiu, kwamba ukiulizwa useme Jamaika. Judica hakuhitaji kuuliza jina la wakala. Na mama alipoulizwa jina lake la kisanii, akasema la pekee la Kijamaika alilolijua, lile la kwenye jalada la santuri ile.

"Walivyoniambia mjukuu wa Ivaline yuko hapa, sikulala," Albina alisema. "Nilijua utanitazama tu, useme humjui mtu huyu, na mimi nimekwisha."

Judica akamwuliza kama amewahi kujua mama wa dirishani alisema nini. Albina akasema amejiuliza hilo maisha yake yote, na hajawahi kukutana na Mjamaika wa kumwuliza.

Ungesema hofu iishe hapo. Haikuisha, iliongezeka, maana sasa kila mmoja alikuwa na uongo wa wawili wa kulinda. Wenyeji waliwataka waimbe pamoja kila sikukuu, waketi pamoja, wapigwe picha. Judica aligeuza uso kwenye kila picha. Lakini Jumapili ilikuwa yao. Baada ya ibada Judica alikwenda kwenye chumba cha Albina, kijichumba cha juu nyuma ya hoteli, na Albina alikuwa amepika muthokoi, chakula cha kwao cha mahindi yaliyokobolewa, kwa mahindi aliyoyatafuta Xiaobei nzima. Alimsuka, akamgombeza kwa kukonda, akamsikiliza akihangaika na masomo ya nyuzi na rangi asiyoyaelewa hata kidogo. Judica alimwita bibi hata pasipokuwa na mtu wa kusikia. Ndani ya chumba kile tu, katika Guangzhou nzima, aliweza kukaa bila kutega sikio mlangoni.

Tatizo lilikuwa viza ya Albina. Kioko alirudi Nairobi na shehena yake, akaahidi kurudi kuishughulikia, akakwama huko mwanzoni mwa 2008, vurugu za uchaguzi zilipofunga barabara na biashara. Viza ikaisha. Na mwaka huo China nzima ilikuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki, na ukaguzi ulikaza kuliko ilivyowahi kuwa. Pale Xiaobei watu walisimamishwa kwenye daraja la waenda kwa miguu, mmoja mmoja, pasipoti. Wengi wakawa hawatoki nje kabisa. Judica alimsihi bibi asitoke. Albina akasema sawa, atatoka kununua mahindi tu.

Simu iliita Judica akiwa maabara. Alikuwa Bi Liang, anahema. Bibi yako amekamatwa, akasema, mwenye hoteli ameshawaambia polisi ana mjukuu hapa mjini, kimbia ukamsimamie, mimi nakuja nyuma na supu. Judica alikwenda. Tumpe haki yake, mwoga yule, alikwenda. Alikwenda bila wigi, bila miwani, na begi lake la shule begani, na ndani ya begi pasipoti.

Ofisa alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Albina alikuwa ameketi kwenye benchi, kitambaa cheupe mapajani, na pasipoti yake ya Kenya imefunguliwa mezani. Ofisa alimwuliza Judica kama ndiye mjukuu. Akasema, kama ni ndugu, atoe hati zake ziandikwe, atambuliwe, waone la kufanya. Kisha akageuka kwa mama mzee, akakumbuka hasikii Kichina, akamwomba Judica atafsiri.

Mkono wa Judica ulikuwa ndani ya begi, umeshika jalada la pasipoti.

"Amesema nini?" Albina aliuliza kwa Kiswahili.

"Anauliza kama mimi ni mjukuu wako."

Albina alimtazama. Alitazama begi la shule, akatazama mkono uliozama ndani yake. Alikuwa ametulia kabisa, jinsi asivyowahi kutulia jukwaani.

"Mwambie simjui," akasema. "Mwambie yule wa hotelini nilimdanganya, sina mtu mji huu. Wewe ni mwanafunzi tu, nilisikia unajua lugha, nikaomba uitwe unitafsirie. Sema hivyo hivyo nilivyosema. Na usilie, atajua."

Judica alikijua Kichina cha kutosha kusema neno lingine. Angeweza kusema ndiyo, ni bibi yangu, na lingekuwa ni uongo kwenye karatasi na kweli kila mahali pengine. Alifungua mdomo. Aliziona ngazi za hosteli. Alimwona baba yake amesimama mbele ya usharika. Sauti iliyonyooka mbele za watu miaka yote ikatoka na safari hii, imenyooka.

"Anasema hanijui," akamwambia ofisa, kisha akayatafsiri na yale mengine.

Ofisa akamshukuru kwa msaada wake. Hakuiomba pasipoti. Akampa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, na Judica akayanywa yote akiwa amesimama, kwa kuwa kuyaacha kungekuwa utovu wa adabu. Alipotoka, Albina alikuwa akitazama ukuta. Nje alikutana na Bi Liang anashuka kwenye teksi na chombo cha supu, na hakuna namna nyingine ya kueleza, alimkimbia.

Albina Mueni alirudishwa Kenya wiki hiyo hiyo. Judica hakuimba tena Guangzhou. Alimaliza mwaka uliofuata, akarudi na cheti chake, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, na usharika wa Usangi ukamfanyia sherehe. Anaimba kwaya mpaka leo. Mjomba Aloyce amezeeka, ila gramafoni bado inafanya kazi, na wageni wakija huiweka santuri ile. Mama wa dirishani anapofungua mdomo, Judica huwa ameshatoka nje.

Machakos si mbali. Basi la asubuhi linakufikisha kabla giza halijaingia, na Njuguna alishampa maelezo ya nyumba ilipo, mpaka rangi ya geti. Judica hajawahi kwenda. Anaogopa atabisha hodi, mlango utafunguliwa, na bibi yule atamtazama vizuri, safari hii pasipo polisi yeyote, na aseme neno lile lile.